Wiki yangu huanza siku ya soko

Ratiba ya kwanza niliyoiandika ilidumu siku tisa. Niliipigia mistari kwa rula ninayokatia suruali, nikaipaka rangi mbili, nikaibandika ukutani juu ya cherehani: Jumatatu kufua, Jumanne kupiga pasi, Jumatano mboga, na kuendelea. Mke wangu ni muuguzi mjini Kisumu. Hulala huko siku za zamu na kurudi nyumbani Sondu akipata mapumziko. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani, kwa hiyo watoto watatu na sufuria zao ni juu yangu. Siku ya kumi zamu zikabadilishwa, mvua ikanyesha siku ya kufua, na ratiba nikaikata mfano wa kola.

Aliyenifumbua macho ni kitinda mimba wetu. Alipewa kazi ya kuandika siku za wiki, akaenda kumuuliza mama yangu ng'ambo ya ua. Dani, yaani bibi yake, akamtajia za Kijaluo: Jumatatu ni Wuok Tich, siku ya kutoka kwenda kazini, Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili, Jumatano ni Tich Adek, kazi ya tatu. Mtoto akarudi amekunja uso. Mbona Jumatano ni ya tatu kwa dani na ya tano kwa mwalimu? Na mbona Alhamisi nayo ni ya tano? Nikamweleza kwamba Waswahili huanza kuhesabu Jumamosi, ikisha kupita Ijumaa yao ya swala, na Alhamisi imebaki na tano yake ya Kiarabu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa nanasi bichi.

"Sasa wiki yetu inaanza lini?"

Nilikuwa na sindano mdomoni, sikumjibu. Lakini swali likanikaa. Zamu za mama yao zinahama, mvua inahama, hata wateja wangu huhama wakipata fundi wa bei nafuu. Kisichohama hapa ni soko kubwa. Tangu hapo napanga nyumba kwa kuhesabu siku kutoka sokoni.

Mkesha wa soko nafungua kila mkebe. Sikai kuandika orodha kwa kukumbuka, maana kumbukumbu yangu hununua sukari kila mara na kusahau chumvi. Mikebe yote inapangwa mezani bila vifuniko, mtoto mmoja anachungulia na kutaja, mwingine anaandika. Unga wa wimbi umebaki wa uji wa siku mbili. Mafuta nusu chupa. Makaa pia yanapimwa kwa macho, kwa sababu pasi yetu ni ya makaa. Hili huwashangaza wageni, na mimi hunichoma kidogo: mto unaopita hapa chini huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, megawati 60, kisha maji yaleyale yanazalisha 21 nyingine pale Sang'oro, na bado tokeni zangu huisha saa mbili usiku nikiwa na suti ya bwana harusi mezani.

Sokoni naenda mara mbili. Asubuhi nachukua mboga za majani, maziwa na omena, vitu visivyongoja. Alasiri, wachuuzi wanapoanza kufunga mizigo, nachukua mananasi, viazi vitamu vya Kabondo na kabichi zilizoshuka kutoka upande wa Kericho. Hakuna anayependa kurudisha nanasi nyumbani, na bei hiyo ya jioni ndiyo inayonilipia daftari. Hatari yake ni mvua, ambayo hutawanya wauzaji na punguzo lao.

Mama ninayenunua maziwa kwake ni Mkipsigis. Mimi namsalimu, "Chamgei," yeye ananijibu, "Oyawore," halafu biashara yote inaendelea kwa Kiswahili, pamoja na malalamiko yangu kwamba lita yake imepungua. Soko letu limekaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, na uhusiano huo ndio chakula chetu. Mwaka 2023, wizi wa mifugo na mapigano vilipoharibu amani ya mpaka huu, ndipo nilipojua kabati letu lilivyo tupu. Tangu hapo gorogoro moja ya omena haiguswi mpaka nyingine iingie.

Mwanzoni wenye omena walidhani nimetumwa. "Mwambie mama watoto hii ni ya leo," mmoja aliniambia, nami nikaitikia. Sasa wamezoea. Najua kuichezesha kiganjani nione kama mchanga unabaki.

Mboga napika kwa kufuata uhai wake. Mrenda na kunde siku ileile ya soko, kwa sababu kesho yake zimenyauka. Managu siku ya pili. Katikati ya wiki ndipo omena inaposhika zamu: naichambua kwenye ungo, naiosha kwa maji ya moto mara mbili, naikausha kwenye sufuria isiyo na mafuta mpaka ianze kulia kama mbegu, ndipo mafuta, kitunguu na nyanya vinafuata. Ukianza na mafuta ikiwa bado na maji, utakula uji wa samaki. Nimewahi kuupika, na kifungua mimba bado anaukumbusha mbele ya wageni. Kabichi hungoja mwisho wa wiki, nayo haina kinyongo.

Kufua kulinishinda mpaka nilipoanza kuangalia milima. Msimu wa masika, hewa ya ziwa hupanda mchana kuelekea Kericho, ikifika juu inapoa na kugeuka mawingu, na kufikia saa tisa ngurumo zimeanza. Nguo isiyokauka kabla ya saa saba haikauki. Kwa hiyo sare zinalowekwa usiku, zinaanikwa watoto wakitoka, na sweta siitundiki kwa mabega kamwe. Nailaza juu ya kamba mbili ili uzito wa maji usiivute ikawa gauni. Sare zenyewe nashona na pindo la inchi tatu. Kila Januari nalishusha kidogo. Sketi ya binti yangu wa gredi ya nne ina mistari mitatu hafifu kama miaka ya mti.

La shule ni gumu zaidi, na dawa yake ni boksi moja chini ya meza. Mtaala huu mpya hupenda vitu. Saa mbili usiku mtoto hukumbuka kwamba kesho anatakiwa na vizibo kumi, udongo wa mfinyanzi na maboksi mawili ya dawa ya meno. Kifungua mimba aliyeko sekondari ya msingi alitaka waya saa tatu na nusu. Sasa kila kizibo, kila kitambaa kilichobaki, kila katoni inatumbukia humo, na anayetaka anachimba mwenyewe. Mke wangu akirudi hulitazama boksi lile kwa jicho la mtu anayefanya kazi mahali pasafi, lakini hajalitupa bado.

Mboga ya saga nimeiacha nyuma makusudi. Ni chungu, na mwanzoni niliimaliza siku moja watoto wakinuna. Mama yangu aliniona nikichambua majani barazani. Hakufurahi. Alikaa kwenye kiti chake akatazama barabarani, ili wapita njia wasidhani tunashauriana. Mwishowe ikamshinda.

"Wuoda, hiyo haipikwi leo ikaliwa leo."

Akaniambia niichanganye na mboga ya mitoo, niichemshe taratibu mpaka ilainike, nimwage maji ya kwanza, kisha nitie maziwa na kuiacha kwenye chungu. Kesho yake jioni iwashwe tena, maziwa mengine yaongezwe. Keshokutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu uchungu umetulia, rangi imekuwa ya kijani kizito, na mchuzi unashika ugali badala ya kuukimbia. Ndiyo sababu maziwa nanunua asubuhi ya soko na saga inaliwa siku ya tatu, mtu asipokuwa na nguvu ya kupika.

Jioni ile ya tatu nilimpelekea bakuli. Alilipokea, akalifunika kwa sahani, akaniuliza habari za suti ya bwana harusi. Kuhusu mboga hakusema neno. Asubuhi kitinda mimba alilileta bakuli likiwa limefutwa kavu, akasimama mlangoni na mkoba wake mgongoni.

"Dani anauliza kama kwenye chungu kumebaki."