Umemaliza Dawa za TB, Mbona Kifua Bado Kinasumbua?

Umemeza dawa miezi sita, kohozi likapimwa, ukaambiwa umepona. Lakini bado unakohoa, na ukipanda ngazi za ploti unahema. Kijitabu hiki ni chako na cha jamaa zako.

Kuna nini kifuani?
Viini vya TB hula pafu. Dawa huviua, ila hazizibi palipoliwa. Hubaki makovu, mirija iliyopanuka na, kwa wengine, mapango. Mapango hayo hayaambukizi mtu. Shida ni kwamba kohozi hutuama, viini vingine huzaliana, na kuvu huweza kuota ndani ya pango na kukufanya uteme damu.

Usikisie, pima
Kikohozi kikizidi, ukikonda au ukitoka jasho usiku, peleka kohozi likapimwe. Eksirei peke yake haitofautishi vyema kovu la zamani na TB mpya. Walio Kibera waende Hospitali ya Mbagathi. Walio Kawangware, Kituo cha Afya cha Riruta. Kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure. Usimeze dawa za TB za jirani, wala usikimbilie antibiotiki za kemisti kila unapokohoa.

Nyumbani
- Toa kohozi kila siku. Kaa wima, vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, kisha itoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia kioo ukungu. Temea kwenye mkebe wenye kifuniko.
- Jiko la makaa liwashiwe nje. Nyumba ya mabati ya chumba kimoja hujaa moshi upesi. Usilale nalo ndani hata baridi ya Julai ikizidi: gesi yake haina harufu, na huua.
- Acha sigara. Anayeishi nawe asivutie ndani.
- Tembea kila siku, ukiongeza mwendo kidogo kidogo.
- Kula omena, maharagwe au mayai upate nguvu.

Nenda hospitali mara moja
- Ukitema damu. Mgonjwa aketi wima, asilazwe chali.
- Kifua kikichoma ghafla na pumzi kukatika: huenda pafu limetoboka.
- Midomo ikigeuka rangi ya samawati.

Tunza kadi yako ya TB na picha zote za eksirei. Daktari akilinganisha ya zamani na ya leo, ataona kama kuna jambo jipya.