Mmejuaje? Kuelekeza Barua Pepe za Hoteli kwa Taarifa za Mitandao ya Kijamii katika Pwani ya Kilifi

Uelekezaji wa barua pepe ni utaratibu wa kuigawa orodha ya wapokeaji katika makundi, ili kila kundi lipate ujumbe unaolihusu badala ya watu wote kupelekewa tangazo moja. Kwa hoteli na nyumba za wageni za Malindi, Watamu na Kilifi, haja ya mgao huo huletwa na pepo zenyewe. Msimu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ni wa maji maangavu na wa boti zinazotoka kuwinda sulisuli na nduwaro. Kusi huja na masika, baadhi ya hoteli hufunga milango mwezi Mei, na kuanzia Julai nyangumi wa nundu huanza kuonekana mbele ya Watamu. Mgeni wa Italia, ambaye nchi yake ina uhusiano na Malindi tangu mradi wa anga wa San Marco ulipoanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960, huja akikimbia baridi ya kwao. Familia ya Nairobi hufuata likizo za shule. Mtazamaji wa ndege huja kwa ajili ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Barua inayowaahidi wote jua na mchanga mweupe haimwambii hata mmoja wao jambo analolingojea.

Mitandao ya kijamii huonekana kuwa njia nyepesi ya kulitambua jambo hilo, kwa kuwa wageni wenyewe hutangaza humo wanachokipenda. Hoja ya makala hii ni kwamba taarifa hizo hufaa zaidi pale zinapoionyesha hoteli swali la kumuuliza mteja, na hudhuru pale zinapotumiwa kuchukua nafasi ya swali hilo.

Daka na ndani

Nyumba ya jadi ya Waswahili ina daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo jirani na mpita njia huketi na kuzungumza bila kuingia ndani. Yanayosemwa pale husikika na wote, lakini kuyasikia hakumpi mtu ruhusa ya kuvuka kizingiti. Kuvuka kunahitaji hodi, na hodi inahitaji kuitikiwa. Ukurasa wa Facebook au Instagram ni daka la aina hiyo, ilhali sanduku la barua pepe liko ndani. Kwa kigezo hiki, taarifa zinazoweza kutumiwa kuelekeza barua hugawanyika katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni zile ambazo mteja amezitoa mwenyewe kwa hoteli, kama vile kuweka alama katika fomu kwamba anapenda uvuvi. Aina ya pili ni matendo yake katika ukurasa wa hoteli: maoni aliyoandika, video aliyoipenda, swali alilouliza kuhusu kasa. Aina ya tatu ni zile zinazochotwa kwingine bila yeye kujua, aghalabu kwa kulinganisha anwani yake ya barua pepe na akaunti zake za mitandao. Kampuni ya Marekani ya Rapleaf, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijijengea jina kwa biashara ya aina hii ya tatu, hadi magazeti yalipoanza kuihoji mwaka 2010. Baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao, Facebook nayo iliondoa mwezi Aprili 2018 uwezo wa kumtafuta mtumiaji kwa anwani ya barua pepe au nambari ya simu. Anayeanza leo hana sababu ya kufufua njia ambayo mitandao yenyewe imeiziba.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaupambanua mgao huo vizuri kuliko wauzaji wengi wanavyodhani. Kifungu cha 28 kinataka data zikusanywe kwa mhusika mwenyewe, lakini kinaruhusu ukusanyaji kwa njia nyingine pale mhusika alipoziweka hadharani kwa makusudi. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba kilichoandikwa Instagram ni mali ya kila mtu. Hata hivyo, kifungu cha 37 kinakataza kuzitumia data za mtu kwa manufaa ya kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, au bila idhini ya sheria nyingine huku yeye akiwa ameelezwa matumizi hayo wakati wa kukusanya. Kwa maneno ya daka, kusikia kunaruhusiwa, ila kuingia na bidhaa mkononi kunadai hodi.

Jambo la pili linahusu data nyeti, yaani zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Sheria ya Kenya inahesabu humo hali ya ndoa, pamoja na maelezo ya familia yakiwemo majina ya watoto na ya mwenzi. Barua inayompongeza mteja kwa fungate kwa sababu picha za harusi yake zimeonekana mtandaoni, au inayomtaja mwanawe kwa jina, inagusa eneo hilo hata kama mwandishi wake alikusudia ukarimu tu.

Jambo la tatu ni usajili. Biashara ndogo huweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini kanuni za mwaka 2021 zinazitaja kampuni za sekta ya hoteli na ukarimu miongoni mwa zinazopaswa kujisajili bila kujali udogo wake. Adhabu nazo si za vitabuni tu: Septemba 2023 mkahawa wa Casa Vera Lounge wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hoteli inayowatangazia wakazi wa Italia au Ujerumani iangalie pia Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, kwa kuwa inaweza kumfikia mwenye biashara aliye nje ya Ulaya ikiwa anawauzia walioko ndani yake.

Hatua ya kwanza: kusoma maswali, si watu

Kazi huanzia katika kurasa za hoteli yenyewe. Mhudumu huchukua maoni na maswali ya miezi kumi na miwili iliyopita na kuyahesabu kwa mada: mangapi yanahusu uvuvi, mangapi kasa, mangapi watoto, mangapi usafiri kutoka Mombasa, mangapi magofu ya Gede, ambayo yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Katika daftari huandikwa mada na mwezi, bila jina la mtu yeyote, na hesabu hiyo peke yake huonyesha mambo mawili makubwa: wateja wanajali nini, na huanza kukijali lini. Maswali kuhusu nyangumi yakianza kumiminika mwezi Mei, barua inayotumwa Agosti imechelewa.

Hatua ya pili: kupiga hodi

Mada nne au tano zilizoongoza hugeuzwa kuwa visanduku katika fomu fupi, inayowekwa mapokezini na kwenye kiungo cha ukurasa wa Instagram: uvuvi na kupiga mbizi, ndege na misitu, historia, likizo ya familia. Chini yake huandikwa kwa lugha nyepesi kwamba hoteli itatuma barua kuhusu mada zilizochaguliwa pekee, mara ngapi kwa mwaka, na jinsi ya kujiondoa. Kisanduku cha ridhaa huachwa kitupu, kwa sababu alama iliyowekwa na hoteli haiwezi kuwa ridhaa ya mgeni. Fomu hiyo iwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano, kwani ridhaa ya asiyeelewa alichokisoma haina uzito.

Iwapo hoteli inataka pia kuzingatia matendo ya mteja katika ukurasa wake, yaani aina ya pili, basi jambo hilo lisemwe katika fomu. Vivyo hivyo kwa hadhira maalumu za Facebook, ambapo mwenye biashara hupakia orodha ya anwani, kila anwani ikigeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu, kisha mtandao ukailinganisha na akaunti zake ili tangazo liwaangukie watu haohao. Ufichaji huo hauondoi wajibu wa kumweleza mwenye anwani kwamba anwani yake itatumiwa hivyo.

Hatua ya tatu: makundi machache na kalenda ya pepo

Kwa nyumba yenye vyumba kumi au ishirini, makundi manne yanatosha, kwani kila kundi linadai barua yake, picha zake na mtu wa kuiandika. Kinacholipa zaidi ni wakati. Mvuvi wa michezo huandikiwa Septemba au Oktoba, kabla ya boti kujaa. Familia ya Nairobi huandikiwa wiki sita hivi kabla ya likizo, wakati bado inaweza kupata nafasi katika treni ya Mombasa. Mpenda ndege huelezwa kuhusu wageni wa mbali wanaotua hori ya Mida wakati Ulaya na Asia kuna baridi. Barua yenyewe ibebe habari moja ya kweli: hali ya bahari, kupwa na kujaa kwa maji wiki hiyo, njia iliyofunguliwa msituni. Punguzo la bei liifuate habari, lisiitangulie.

Hatua ya nne: kupima na kupunguza

Zamani mafanikio yalipimwa kwa idadi ya barua zilizofunguliwa, kwa kutumia picha ndogo isiyoonekana iliyotoa ishara barua inaposomwa. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kuzipakua picha hizo kabla mpokeaji hajaigusa barua, hivyo hesabu ya waliofungua imekuwa ya kubahatisha. Vipimo vya kutegemewa ni kubofya kiungo, kujibu, na kuweka nafasi ya chumba. Mwezi Februari 2024 Gmail ilianza kuwadai wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wathibitishe kikoa chao, yaani jina la tovuti wanalotumia kutuma, na waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Aidha inawataka watumaji wasifikie malalamiko 3 ya barua taka kwa kila barua 1,000. Nyumba ndogo haifiki barua 5,000 kwa siku, lakini ikifuata masharti yote barua zake zina nafasi bora ya kupokelewa.

Adabu ya pwani inamtaka mgeni apige hodi mara tatu, na asipoitikiwa aondoke bila kinyongo. Kanuni hiyo inahamishika bila kubadilishwa: mpokeaji asiyebofya wala kujibu katika misimu mitatu aulizwe kwa barua moja kama angependa kubaki, na akinyamaza jina lake lifutwe. Orodha itafupika, ila watakaobaki ndio walioitikia.

Kabla ya kila barua kutumwa, mwandishi wake ajiulize neno ambalo mpokeaji angeliuliza akiisoma: mmejuaje? Kama jibu ni kwamba alituambia mwenyewe katika fomu ya mapokezi, barua iende. Kama jibu linahitaji kuanza na maelezo ya jinsi akaunti yake ilivyopekuliwa, barua irudi mezani, kisanduku kingine kiongezwe katika fomu, na mteja aulizwe.