HULKA ZA WATU NA MAWASILIANO YA KIKUNDI KINACHOFANYA KAZI KWA MBALI

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi ufahamu wa hulka za watu unavyoweza kukifaidi kikundi ambacho wanachama wake hawaonani ana kwa ana. Huenda msomaji akadhani kwamba mada hii ni ya wanafunzi wa saikolojia au ya wale wa usimamizi wa biashara. Sisi tunaiona kuwa ya mwanaisimu vilevile, kwa kuwa hulka ya mtu aliye mbali haionekani ila kupitia kwa maneno aliyoyaandika, na pengine kupitia kwa yale aliyokataa kuyaandika.

Kisa chenyewe

Vyuo vilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, kamati moja ya uhariri yenye wanafunzi saba ilijikuta imetawanyika kutoka Kwale hadi Kapenguria. Kazi iliendelea kwa arafa za WhatsApp. Jioni moja mwenyekiti aliandika: "Nahitaji tahariri leo usiku." Mhariri msaidizi, aliyekuwa Kwale, akajibu neno moja tu: "Sawa." Usiku ukapita, na siku nne zikapita pasi na neno. Mwenyekiti akaona kuwa amedharauliwa, akaandika mbele ya wote: "Kama hutaki kazi, sema." Mhariri akajitoa kikundini. Toleo lilichelewa miezi mitatu, na makala mawili yaliyokuwa mikononi mwake yakakosa kuchapishwa kabisa.

Mwenyekiti huyo ndiye mwandishi wa makala haya.

Baadaye ilibainika kuwa mhariri alikuwa akiihakiki tahariri sentensi baada ya sentensi, na kwamba mtandao aliupata kwa kupanda kilima tu. Kwake yeye, "sawa" ilikuwa ahadi kamili. Kwangu mimi, ilikuwa mlango uliofungwa usoni.

Asili ya dhana ya hulka

Jitihada za kuwagawa watu kwa hulka ni kongwe. Matabibu wa Uyunani ya kale, na baada yao Galen katika karne ya 2, walishikilia kuwa mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Lililozidi ndilo lililodhaniwa kumfanya mtu awe mchangamfu, mtulivu, mkali au mwenye huzuni. Elimu hiyo ilipokelewa na waganga wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka wa 1037. Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba mabaki yake tunayo kinywani hadi leo. Neno balghamu lilitujia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiyunani, nalo safura linatokana na neno la Kiarabu la nyongo ya manjano.

Katika karne ya 20 mgawanyo wa makundi manne ulirudi kwa sura nyingine. Mwanasaikolojia wa Marekani William Moulton Marston alichapisha kitabu mwaka wa 1928 kilichoeleza mielekeo minne ya kitabia. Hivi leo makampuni huifasiri mielekeo hiyo kuwa kutawala, kushawishi, uthabiti na umakinifu. (Marston huyuhuyu ndiye aliyebuni Wonder Woman, shujaa wa kike wa vibonzo, mwaka wa 1941.) Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers nao walichukua mawazo ya Carl Jung ya mwaka wa 1921 wakaunda hojaji inayowagawa watu katika aina 16.

Kwa kigezo cha Marston, mimi ningeitwa mtawala na mwenzangu angeitwa makini. Mtawala huandika kwa ufupi na hutaka jibu upesi. Mtu makini hujibu akiwa na hakika. Wakiwa katika chumba kimoja, uso na sauti hupatanisha tofauti hii: mtu makini hutikisa kichwa akiwa ameinamia karatasi, na mtawala huona kwamba kazi inafanywa. Arafa huondoa yote hayo. Richard Daft na Robert Lengel walieleza katika miaka ya 1980 kwamba njia za mawasiliano hutofautiana kwa utajiri wa ishara zinazobebwa, na kwamba jambo lenye utata huhitaji njia tajiri. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walionyesha mwaka wa 2005 kwamba waandishi wa barua-pepe huamini mno kuwa kejeli yao itatambulika, ilhali wasomaji wao huitambua kwa kiwango kisichozidi sana kubahatisha. Tunaposoma arafa yetu wenyewe, sauti yetu inasikika masikioni mwetu. Mpokeaji hana sauti hiyo.

Hulka au utamaduni?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo vitabu vingi vya usimamizi vinapoteleza. Nilipompigia simu mwenzangu hatimaye, hakulalamikia haraka yangu. Alisema: "Kaka, siku zote hizo hukuniamkia hata mara moja." Nilirudi kuzisoma arafa zangu nikakuta ni kweli. Katika malezi yake, ombi lisilotanguliwa na salamu ni amri, na anayeamrishwa na mwenzake wa rika moja hana la kujibu zaidi ya "sawa". Hojaji ingemwandika kuwa mtu mpole, asiyependa makabiliano. Hakika ni kwamba alikuwa akinikabili, kwa ule ufupi wake, nami nilishindwa kuisoma lugha yenyewe ninayoisomea chuoni.

Mfano mdogo zaidi ni wa saa. Tulipoandika "tukutane saa mbili", mmoja wetu alifika mkutanoni saa nane mchana kwa kuwa alisoma tarakimu 2 ya rununu yake, wengine tukafika saa mbili usiku. Aliyekosa aliitwa mzembe. Kosa halikuwa la hulka hata chembe, bali la sentensi iliyokosa neno "usiku".

Tahadhari kuhusu vipimo

Mnamo 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kile walichodhani ni maelezo ya nafsi ya kila mmoja, kisha akawaomba wakadirie usahihi wake kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyokusanywa kutoka kitabu cha unajimu. Isitoshe, wengi wanaoijibu hojaji ya aina 16 kwa mara ya pili baada ya majuma machache huangukia aina tofauti. Watafiti wengi wa leo hupendelea kupima sifa tano kwa viwango, yaani uwazi kwa mambo mapya, utaratibu, uchangamfu, ukubalifu na mwelekeo wa wasiwasi, pasipo kumfungia mtu ndani ya kundi moja. Kwa maoni yangu, jina la kundi hudhuru zaidi linapokuwa udhuru: "Mimi ni mtawala, nivumilieni."

Tulichokifanya

Hatukutumia hojaji yoyote. Kila mwanakamati aliandika waraka wa aya moja akijibu mambo matatu: saa anazopata mtandao, namna anavyopenda kukosolewa, na maana ya kimya chake. Hili la tatu ndilo lililotufaa kuliko yote. Mmoja aliandika kuwa akikosolewa hadharani hulala bila kula, hivyo aambiwe faraghani. Mwingine, mcheshi wa kikundi, alikiri kwamba utani wake huongezeka anapolemewa na kazi. Hatukuwa tumelijua hilo kwa miaka miwili ya kukaa naye darasani.

Tulikubaliana pia kwamba ombi litanguliwe na salamu, litaje siku na kipindi cha siku, na lieleze kama jibu linahitajika au la. Jambo lolote lililozua majibizano ya arafa zaidi ya tatu lilihamishiwa kwenye simu. Sheria hii ya mwisho ilipingwa na wale wasiopenda kusikika sautini, nao wakaruhusiwa kutuma sauti iliyorekodiwa, waisikilize kwanza kabla ya kuituma.

Mhariri wetu wa Kwale alirejea mwezi wa Agosti. Waraka wake ulikuwa mfupi kuliko yote: "Nikinyamaza siku mbili, nasoma. Nikinyamaza siku tano, nipigie. Lakini uniamkie kwanza."