Uvimbe Unaorudi Baada ya Miaka Mingi

Uvimbe si namna moja. Mwingi ni mafuta tu chini ya ngozi, nao haudhuru. Lakini iko kansa ya nyama laini za mwili, ambayo waganga wanaiita sarkoma. Ni ugonjwa wa nadra. Namna yake moja ni sarkoma ya sinovia. Inashika zaidi vijana na watu wenye nguvu bado, mara nyingi karibu na goti. Inakua polepole, pengine bila maumivu, hata mtu anangoja miaka kabla ya kuja hospitali.

Je, nani ameileta? Hakuna. Ndani ya chembe moja ya mwili, vipande viwili vya urithi vimekatika na kuungana vibaya. Haikutoka kwa wazazi, wala kwa jirani, wala kwa mke mwenza. Basi msipoteze siku kumtafuta mwenye kosa.

Mganga anaondoa uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka. Kidonda kinapona, mtu anarudi shambani, anafikiri maneno yamekwisha. Hayajaisha. Wewe unayelima muhogo unajua majani yenye mizizi mirefu: unayang'oa, shamba linakuwa safi, kumbe kipande kidogo kimebaki udongoni. Vivyo hivyo chembe chache zinaweza kulala miaka 5, 10, hata zaidi, kisha zinaota tena penye kovu, au mbali, na zaidi sana katika mapafu.

Kwa hiyo usingoje kuugua. Miaka 2 au 3 ya kwanza, kovu lipapaswe na kifua kipigwe picha kila miezi 3 hadi 6; kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5; baadaye kila mwaka. Najua nauli ni ghali. Lakini madoa ya mapafu yakionekana yakiwa machache, pengine mganga anaweza kuyakata.

Na ukianza kukohoa baada ya miaka 12? Muuguzi mgeni atafikiri kifua kikuu, wala si ajabu, maana kwetu kiko kingi. Makohozi yapimwe, ndiyo, lakini kunja suruali, umwonyeshe kovu, useme lilitoka wapi.

Fishi ya upasuaji, yenye jina la ugonjwa, uitie katika kopo moja na kartasi ya ubatizo, panya wasiifikie. Watoto wako nao wajue kopo liko wapi.