Somo: Kumlisha Mtoto wa Mbwa Akue Vizuri

Somo la safari hii wengine watalicheka. Mbwa naye ana somo? Ndiyo, anayo. Sagalla, Kasigau, au pembeni pembeni ya Mwatate, yeyote aliye na shamba karibu na mbuga ya Tsavo anajua kazi ya mbwa. Mahindi yakibeba tu, nyani na tumbili wamefika, na pale pasipo na mbwa wa kubweka, mtoto wa shule ndiye anayebakizwa nyumbani kuwafukuza. (Ndovu ni habari nyingine. Huyo msimpelekee mbwa, kwa sababu ndovu akimgeukia, mbwa hukimbilia kwa mwenyewe, na ndovu yuko nyuma yake.)

Basi tunataka mbwa mzuri, lakini tunamlea vipi? Tunaleta kijibwa kidogo ndani ya kiondo, tunamtupia ukoko wa sima, na baada ya mwezi tunashangaa mbona miguu imepinda na tumbo limevimba.

Kwanza tuondoe imani moja. Wazee wengine husema mbwa akishiba atalala, kwa hiyo mtoto wa mbwa anyimwe chakula, tena atiwe pilipili, ndipo awe mkali. Si kweli. Mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Usiku unamkuta jalalani, nyuma ya bucha, ama amevuka kuingia mbugani kutafuta digidigi. Huko anaumwa na mbwa wengine na kurudi na kichaa cha mbwa, ama harudi kabisa. Mbwa hulinda mahali anapojua chakula chake kipo.

Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na siku 10 hadi 14, na meno huanza kutoka karibu na wiki ya tatu. Mpaka hapo maziwa ya mama yanamtosha, na kazi yetu ni kumlisha mama vizuri, maana mama anayenyonyesha hula mara mbili au hata tatu ya chakula chake cha kawaida. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, anza kumwekea mtoto uji laini kwenye sahani bapa, huku bado ananyonya. Usimtoe kwa mama kabla ya wiki 8. Tunajua wengi hupewa wakiwa na mwezi mmoja kwa sababu mwenye mama amechoka na kelele. Mwombeni awavumilie. Mtoto aliyetolewa mapema huharisha na kudhoofika.

Halafu maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo. Ndiyo maana kijibwa akipewa maziwa mengi ya ng'ombe tumbo linaharibika, na bado hayamtoshi kumjenga. Maziwa lala kidogo humkaa vizuri zaidi. Na tuseme wazi: kama maziwa ya nyumbani ni kikombe kimoja, kikombe hicho ni cha mtoto wa binadamu. Mbwa ana njia nyingine.

Njia hiyo ni omena. Chukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili mwenye uzito wa kilo 2. Chakula chake cha siku nzima kinaweza kuwa hivi: unga wa mahindi nusu kikombe cha chai, omena mkavu ngumi moja ya mtu mzima, yai moja lililochemshwa, na mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chai. Omena mwoshe sana kutoa mchanga na chumvi, mchemshe, mtwange pamoja na mifupa yake, kisha upike pamoja na unga iwe sima laini. Usitie chumvi wala kitunguu. Yai likikosekana, weka kunde au pojo zilizoiva sana na kupondwa, nusu kikombe. Hata kimanga hufaa, kama umemtengea kabla ya kukaanga vitunguu. Siku ya bucha, matumbo yaliyooshwa na kupikwa yachukue nafasi ya omena.

Mbona tunasisitiza mifupa ya omena? Kwa sababu mtoto anayekua anahitaji chokaa ya mifupa, na sima haina. Nyama tupu pia haina, na hapa hata wenye uwezo hukosea. Kijibwa wa nyama tupu hupinda miguu sawasawa na yule wa sima tupu. Siku za nyama, kausha ganda la yai, lisage liwe unga kabisa, umnyunyizie robo kijiko cha chai. Lakini mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo.

Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo chakula hicho kigawe mara nne kwa siku. Akifika miezi mitatu au minne mpe mara tatu, na baada ya miezi sita mara mbili zinatosha. Yule mdogo kuliko wote usimwache alale na njaa usiku kucha. Ukimkuta asubuhi amelegea, anatetemeka na fizi zimepauka, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, mtie joto, kisha akizinduka mpe uji. Maji safi yawepo kila wakati, hasa huku chini Voi na Maungu kwenye joto.

Kuna chakula cha kukataa kabisa, nacho ni mahindi yaliyoota ukungu. Watu husema, ati haya si ya watu, mpe mbwa. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, huua mbwa upesi, na ini la kijibwa halina nguvu ya kuishinda. Ndiyo sumu ile ile iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, majirani zetu. Mahindi ya namna hiyo yasiende kwa mbwa, kuku wala ng'ombe. Vilevile, maini na mapafu yenye malengelenge ya maji usimtupie mbwa mabichi. Ndani yake mna mabuu ya tegu ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kuwafikia watoto wetu. Yachome au yafukie chini sana.

Sasa minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo tayari, kwa kuwa hupita kutoka kwa mama tumboni na kwenye maziwa. Tumbo likivimba baada ya kula si neno. Likibaki limevimba huku mbavu zinahesabika na manyoya yamesimama, hiyo ni minyoo, na chakula chote mnachompa kinalisha minyoo. Dawa ianze akiwa na wiki 2, irudiwe kila wiki mbili mpaka wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Dukani kwa dawa za mifugo taja uzito wake. Usikisie kwa jicho, na dawa ya mbuzi isigawanywe kienyeji.

Uzito mtaupataje? Akina mama wanaijua kadi ya kliniki: mtoto hupimwa, nukta huwekwa, mstari unapanda au haupandi. Fanyeni hivyo hivyo. Azimeni mizani ya kuning'iniza, mtieni kijibwa ndani ya kiondo, mpime kila wiki na kuandika. Wiki asipoongezeka, tafuteni sababu. Na mkono uwe kipimo pia: ukipapasa mbavu uzisikie, lakini zisionekane kwa mbali.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Daktari wa mifugo akija na kampeni kijijini, hata wadogo zaidi wapelekwe. Mwulizeni pia chanjo ya distempa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu simba 1,000 kule Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuuleta. Sisi tunaopakana na Tsavo tunaweza kuelewa hilo. Kijibwa akimng'ata mtu, hata akiwa anacheza, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mkutano wenu ujao, kila mwenye mtoto wa mbwa aje naye pamoja na uzito wake ulioandikwa. Fanyeni hesabu ya omena wa mwezi mmoja kwa bei ya soko la Voi, mwone kama familia tano zikinunua pamoja zitaokoa shilingi ngapi, na mweka hazina aandike. Jadilianeni pia ni nani atakayekwenda kumwona afisa wa mifugo wa wadi kuuliza chanjo inakuja lini, kisha alete jibu kwa kikundi.