Ukurasa wa Mwanzo wa Tovuti: Somo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Malindi

Kila siku boti zitokazo Dar es Salaam na Pemba hufunga gati katika Bandari ya Malindi na kushusha wageni. Mgeni atokapo langoni hukutana na wachukuzi, madereva wa teksi na mapapasi, kila mmoja akimvuta upande wake. Lakini wageni wengi wa siku hizi huwa wamekwisha kuamua pa kulala, pa kula na pa kununua viungo kabla hawajapanda boti. Waliamua wakiwa makwao, kwa kutazama kioo cha simu. Mwenye biashara ambaye hakuonekana katika kioo kile, au aliyeonekana lakini hakueleweka, huwa amekwisha kumpoteza mteja ambaye bado yumo baharini.

Somo la toleo hili linahusu ukurasa wa mwanzo wa tovuti, yaani ule unaofunguka kwanza mtu anapoandika anwani ya biashara yako au anapoipata kwa kutafuta. Msomaji hahitaji ujuzi wa kompyuta ili kulifuata somo hili. Fundi anaweza kuujenga ukurasa. La kusemwa ndani yake analijua mwenye biashara peke yake.

Kinachopotea

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba 6, kila chumba shilingi 100,000 kwa usiku. Kampuni zinazouza vyumba mtandaoni hutoza ada ambayo mara nyingi hukaribia asilimia 15 ya malipo. Katika kila usiku mmoja, shilingi 15,000 huondoka. Mgeni akilala siku 4 zimeondoka 60,000, na wageni 10 wa namna hiyo katika mwezi mmoja ni shilingi 600,000.

Kampuni hizo si adui, kwani huleta wageni ambao pengine wasingekujua kabisa. Lakini yupo mgeni aliyekwisha kulisikia jina lako kwa ndugu au rafiki. Akalitafuta, akaukuta ukurasa wako hautaji bei, hauonyeshi mahali wala hausemi namna ya kuweka nafasi, naye akarudi kwa kampuni. Hapo unalipia ada kwa ajili ya mgeni ambaye tangu mwanzo alikuwa wako. Ukurasa mzuri wa mwanzo kazi yake kubwa ni kumzuia mgeni huyo asirudi nyuma.

Malindi ipi?

Wakaazi wa hapa tunapotaja Malindi hatuhitaji kufafanua. Mtu aliye Roma au Muscat akiandika jina hilo katika simu yake, mtandao humpeleka kwanza Malindi ya Kenya, mji wa pwani ulio kaskazini ya Mombasa, wenye nguzo ya Vasco da Gama na hoteli nyingi za ufukweni. Mtaa wetu hufunikwa na jina la mji ule.

Kwa hiyo mstari wa juu kabisa wa ukurasa utaje mahali kwa ukamilifu: Malindi, Mji Mkongwe, Unguja, Zanzibar, Tanzania. Maneno hayo yaandikwe kwa herufi za kawaida. Yasichorwe ndani ya picha, kwa sababu mitambo ya kutafutia husoma maandishi vizuri zaidi kuliko picha, na programu zinazowasomea watu wasioona hutegemea maandishi pia.

Kisha eleza njia. Vichochoro vyetu ni vyembamba na vimepindapinda, na mgeni hapati msaada mkubwa kutoka kwa majina ya barabara. Mtajie alama anazoweza kuziona: lango la boti, Jumba la Zahanati ya Kale lililo Barabara ya Mizingani, au Msikiti wa Mnara. Sema ni dakika ngapi kwa miguu kutoka alama hiyo, na uweke kiungo cha ramani kinachoonyesha mlango wako hasa. Zitembee dakika hizo mwenyewe, ukiwa umebeba begi, kabla ya kuziandika.

Maswali matano ya mgeni

Milango mingi ya kale ya Mji Mkongwe ina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu yake, na mingine ina mwaka. Mpita njia hakuwa na haja ya kugonga ili ajue kwamba amefika kwa watu wa namna gani. Ukurasa wa mwanzo nao unapaswa kuzungumza kabla haujagongwa. Mgeni ana maswali matano, naye huyataka majibu yake katika kioo cha kwanza, kabla hajasogeza kidole:

1. Wewe ni nani?
2. Unauza nini au unatoa huduma gani?
3. Uko wapi?
4. Ni kiasi gani?
5. Nifanye nini ili nipate?

Kurasa nyingi za biashara ndogo huanza hivi: "Karibu katika tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora, tunaojali mteja na wenye dira ya kufikia viwango vya kimataifa." Maneno haya yanaweza kubandikwa katika duka la vipuri, zahanati au kiwanda cha barafu bila kubadilisha herufi. Kati ya maswali matano hakuna hata moja lililojibiwa.

Linganisha na haya: "Nyumba ya wageni ya familia yenye vyumba 6, Malindi, Mji Mkongwe, Unguja, Zanzibar. Dakika 5 kwa miguu kutoka lango la boti. Chumba cha watu wawili shilingi 100,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Tuandikie kwa WhatsApp. Tunajibu tangu asubuhi hadi saa 4 usiku." Jina likiwekwa juu yake, maswali yote matano yamekwisha kujibiwa.

Kanuni hii haiwahusu wenye vyumba peke yao. Mfanyabiashara wa samaki anayenunua katika soko la Malindi na kuwauzia wenye mikahawa na hoteli za mashamba ana mteja mwenye maswali yale yale. Mpishi mkuu wa hoteli iliyoko Nungwi au Paje anataka kujua unauza samaki gani, iwe jodari, nguru, changu au pweza. Unaanzia kilo ngapi. Unapeleka siku zipi. Na unasafirisha kwa barafu au vipi. Kwa kuwa upatikanaji hubadilika kati ya kusi na kaskazi, usiahidi kila aina mwaka mzima. Andika aina zilizopo kwa majira hayo na tarehe uliyoandika. Mpishi atakuamini zaidi kwa ukweli huo kuliko kwa orodha ndefu isiyotimizwa.

Kitendo kimoja

Ukurasa ukimwambia mgeni apige simu, atume barua pepe, ajaze fomu, afuate mitandao minne ya kijamii na asome historia ya kampuni, mgeni hatafanya hata moja. Chagua kitendo kimoja unachokitaka na ukipe kitufe kikubwa kinachoonekana bila kutafutwa. Njia nyingine ziwekwe chini ya ukurasa.

Kwa biashara nyingi za hapa kitendo hicho ni kutuma ujumbe wa WhatsApp. Angalia namba yako ilivyoandikwa. Namba inayoanzia sifuri haipigiki kutoka nchi za nje. Ondoa sifuri ya mwanzo na uweke 255 mbele yake. Kiungo cha WhatsApp huandikwa kwa wa.me, kisha mkwaju, kisha namba nzima ikianzia 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ile na bila nafasi katikati. Baada ya kukiweka, mwombe ndugu aliye nje ya nchi akijaribu.

Jambo jingine linalotupata sisi kwa namna ya pekee ni saa. Duka linalofunguliwa saa 2 asubuhi kwa Kiswahili hufunguliwa saa 8:00 kwa hesabu ya wageni. Mfasiri asiyejua atawaandikia wageni kuwa duka hufunguliwa usiku wa manane, na mtambo wa kufasiri huweza kufanya kosa hilo hilo. Katika ukurasa wa lugha ya kigeni andika 8:00 hadi 18:00. Katika ukurasa wa Kiswahili andika saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mpe mtu anayeijua lugha hiyo asome yote kabla hayajatoka.

Picha na uzito wake

Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka picha 8 kama zilivyo, ukurasa unakuwa na megabaiti 32. Kwa mgeni ambaye simu yake inapokea megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa huo utachukua zaidi ya dakika 2 kukamilika, na hata mvumilivu hatasubiri nusu ya muda huo. Picha zile zile zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa unashuka hadi megabaiti 1.2, na utafunguka kwa takriban sekunde 5. Programu za kupunguza picha zinapatikana bure, na upana wa pikseli 1,200 unatosha kwa picha kubwa ya ukurasa.

Ni bora picha 3 za kweli kuliko 20 za kuazima. Piga chumba chenyewe, mlango wenyewe, meza yenyewe ya samaki, wakati wa mwanga wa asubuhi. Picha ya ufukwe mweupe katika ukurasa wa nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya Malindi humleta mgeni aliyedanganyika, na mgeni wa namna hiyo huondoka na malalamiko yatakayosomwa na wengine kwa miaka. Ukitaka kuweka picha ya mfanyakazi au mteja, muombe ruhusa kwanza.

Maandishi nayo yawe na rangi iliyokolea juu ya mandhari nyepesi. Kijivu juu ya nyeupe hupendeza katika ofisi ya fundi yenye kivuli, lakini hakisomeki kwa mtu aliyesimama juani gatini.

Anwani ni mali yako

Hutokea mwenye biashara akamwachia kijana wa mtaani afanye kila kitu: asajili anwani kwa jina lake, aweke barua pepe yake na atunze nywila. Kijana akihama au wakigombana, anwani huondoka naye, na kadi zote, mabango na vipeperushi vilivyochapishwa hubaki vikielekeza watu mahali pasipo na mwenyewe. Anwani ya tovuti ni kama hati ya nyumba, na isajiliwe kwa jina la mwenye mali. Anwani za Tanzania, zinazoishia na .tz, huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Andika katika daftari jina la msajili, tarehe ya kulipia tena na nywila, na daftari lihifadhiwe pamoja na leseni ya biashara.

Jina la ukurasani na lililo juu ya mlango wa duka liwe lile lile ulilolisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Mgeni anayeombwa kutuma malipo ya awali kwa jina asiloliona popote ana haki ya kuogopa, maana matapeli wapo. Majina yanapolingana, hofu hupungua.

Ukurasa hutunzwa

Bei ya mwaka juzi ni ahadi iliyovunjwa. Panga siku moja katika kila mwezi ya kuusoma ukurasa wako kana kwamba wewe ni mgeni. Kabla ya Ramadhani badilisha saa za kufungua. Kabla ya Sauti za Busara mwezi wa Februari hakiki bei na nafasi zilizobaki. Wakati wa masika, ukifunga kwa matengenezo, liseme hilo juu kabisa, ili mtu asifike na begi lake kwenye mlango uliofungwa.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli pale mnunuzi anapoweza kukiona kitu kwa macho yake. Anayenunua akiwa mbali hawezi kukiona isipokuwa kwa kuelezwa, na anayemweleza ni wewe.

Zoezi

Chukua karatasi moja. Andika majibu ya maswali matano kwa maneno yasiyozidi 50. Mpe jirani asiyefanya biashara ya aina yako ayasome mara moja, kisha umnyang'anye karatasi na umuulize: nauza nini, niko wapi, bei gani, na ungenipataje? Analoshindwa kulijibu ndilo la kuandika upya. Rudia mpaka ajibu yote, kisha ndipo umwite fundi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji wa Malindi apone, mgeni sharti ajue njia ya kufika kwake.