SOMO: CHAKULA CHA SOKO LA GWANGJANG, KOREA YA KUSINI



Katika somo la jeografia ya Asia tulifikia inchi ya Korea ya Kusini. Tuliposikia kwamba katika masoko ya Seoul watu wanakula matumbo ya nguruwe yaliyojazwa damu, mimi nilicheka wa kwanza, na darasa zima likacheka nyuma yangu. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu: "Mnajua ni sababu gani wanayala?" Tukanyamaza wote. Basi nimetafuta jibu, na leo ninalileta katika gazeti letu.

1. Soko lenyewe

Katikati ya mji wa Seoul, upande wa Jongno, karibu na kijito Cheonggyecheon, kuna soko linaloitwa Gwangjang. Lilianzishwa mwaka 1905. Zamani masoko mengi ya Korea yalikutana kila siku ya tano tu, kisha watu wakatawanyika. Gwangjang lilikuwa kati ya masoko ya kwanza yaliyofunguliwa kila siku.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida. Ndio mwaka Japani iliponyang'anya Korea uwezo wa kujisemea mbele ya mataifa mengine, na mwaka 1910 ikameza inchi nzima. Wajapani walikuwa wanazidi kushika soko la Namdaemun, ndiyo sababu wafanyabiashara Wakorea walijikusanya wakafungua soko lao wenyewe. Vita ya 1950 hadi 1953 ililiharibu, nao wakalijenga tena. Mpaka leo wanauzisha mule hariri na vitambaa vya kila namna. Lakini katika njia za chini, mahali watu wanaposukumana kabisa, wenye kutawala ni wamama wapishi.

2. Tuonje pamoja

Kila mama ana meza yake, jiko mbele yake, na benchi ndefu ya wageni. Unakaa bega kwa bega na mtu usiyemjua, unaonyesha kwa kidole kitu unachotaka, na chakula kinapikwa mbele ya macho yako. Hakuna la kuficha.

a) Bindaetteok. Huu ni mkate wa choroko, yale maharagi madogo ya kijani. Zinalowekwa katika maji, zinasagwa kwa jiwe (siku hizi jiwe linazungushwa na motere), zinachanganywa na machipukizi na mboga, kisha zinakaangwa katika mafuta mengi. Zamani yalikuwa mafuta ya nguruwe. Nje inakauka mpaka inalia kwa meno, ndani inabaki laini. Unachovya katika mchuzi wa soya wenye vipande vya kitunguu.

b) Gimbap ndogo. Ni wali uliozungushiwa jani jembamba la bahari lililokaushwa, ndani mna karoti na figili ya chumvi. Ni ndogo kama kidole, unaichovya katika mchuzi wa haradali. Wateja waliipa jina "mayak", maana yake dawa ya kulevya, kwa sababu ukila moja huwezi kuacha. Tangu mwaka 1924? Hapana, ni juzi tu: tangu mwaka 2024 sheria ya Korea inawashauri wauzaji waache kutumia jina hilo kwa chakula, ili vijana wasizoee kulichezea.

c) Tteokbokki. Ni vipande virefu vya mkate wa mchele vinavyotokota katika mchuzi mwekundu. Wekundu ule unatoka kwa gochujang, yaani pilipili iliyochachushwa pamoja na soya na nafaka. Hapa tuangalie jambo moja. Asili ya pilipili ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hapakuwa na Mkorea wala Mkongo aliyejua ladha yake. Kwetu Afrika ililetwa na meli za Wareno. Kwa Korea, kitabu cha Yi Su-gwang cha mwaka 1614 kinasema ilitoka Japani. Leo sisi na wao, kila mmoja anasema pilipili ni ya babu zake!

d) Sundae. Haya ndiyo matumbo tuliyoyacheka. Yanasafishwa sana, yanajazwa damu na tambi nyembamba za unga wa viazi vitamu, yanapikwa kwa mvuke, yanakatwa vipande na kuliwa kwa chumvi. Mtu akichinja nguruwe mmoja na jamaa ni kubwa, hawezi kutupa kitu. Damu ni chakula, tena chenye nguvu.

3. Njaa iliyojificha ndani ya unga

Sasa tunafikia jibu la ulizo la mwalimu. Vita ilipokwisha mwaka 1953, Korea ya Kusini ilikuwa kati ya inchi maskini sana za dunia. Mchele haukutosha. Marekani ilileta ngano kama msaada, na wamama wakaanza kufanya kwa unga ule mambo ambayo zamani yalifanywa kwa mchele. Tteokbokki yenyewe, ambayo zamani ilipikwa kwa mchuzi wa soya katika nyumba ya mfalme, ikawa chakula cha barabarani. Watu wanasema Ma Bok-rim ndiye aliyeanza kuipika kwa gochujang, mtaani Sindang-dong, Seoul, mwaka 1953.

Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali iliamuru watu wapunguze mchele, wachanganye shayiri, wale unga wa ngano. Hata shuleni, walimu walifungua vyombo vya chakula vya wanafunzi ili kuangalia kama wali umechanganywa na shayiri. Aliyeleta wali mweupe mtupu aligombezwa. Amri zile zililegezwa mbegu mpya za mchele zilipoongeza mavuno. Mwaka 1977 mavuno yalikuwa makubwa sana. Lakini neno moja limebaki: "bunsik", chakula cha unga. Zamani lilikuwa neno la kuokoa mchele. Leo kijana wa Seoul akitoka masomo anawaambia wenzake, twende tukale bunsik, naye hafikirii njaa hata kidogo.

Hili ndilo jibu: chakula kile kilianza kwa ukosefu, na mikono ya wapishi ikakifanya kipendwe. Leo inchi ni tajiri, nyama inapatikana, lakini watu wanapanga mstari kwa ajili ya chakula cha siku za shida.

4. Ulizo la bei

Tusifikiri kila kitu ni kizuri mule. Wageni walipokuwa wengi, wauzaji wengine waliongeza bei na kupunguza sahani. Mwaka 2023 malalamiko yalienea sana, mpaka mji wa Seoul ukatangaza mpango wa kuandika kiasi cha chakula karibu na bei yake. Mwenye kuharibu ni mmoja, lakini jina baya linabebwa na soko zima.

Kumaliza

Filamu moja ya mwaka 2019 ilionyesha Cho Yonsoon, mama anayekata tambi za ngano kwa kisu katika soko lile. Hakuingia sokoni kwa kutafuta sifa. Aliingia juu ya madeni ya jamaa yake.

Niliposoma habari yake nilimfikiri mama yangu. Yeye anaamka saa tisa ya usiku kukanda unga wa mikate ya mafuta anayouzisha sokoni, na feza ya masomo yangu inatoka katika beseni lile. Rafiki zangu wa darasa hawakujua, kwa kuwa sikuwaambia. Sasa wanajua.

MAULIZO

1. Sababu gani wafanyabiashara Wakorea walianzisha soko lao mwaka 1905?
2. Taja vyakula viwili vya Gwangjang na vitu vinavyovifanya.
3. Neno "bunsik" lilibadilika namna gani?
4. Uliza mzee mmoja wa kwenu: ni chakula gani mnachokipenda leo ambacho zamani kilikuwa cha wakati wa njaa? Andika jibu lake katika daftari.